Wasomaji Wanauliza: Adui Mdogo Kwenye Katuni

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinamhusu adui mdogo wa katuni za televisheni: yule anayekuja kipindi kimoja, akashindwa, akaondoka, au kibaraka anayepokea amri za adui mkuu. Tumezifurahia, maana huyu ni mhusika anayefikiriwa dakika za mwisho, na mara nyingi ndiye anayeangusha kipindi kizima.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Naandika katuni ya dakika 11. Adui wangu ni mvumbuzi anayetaka kutawala dunia, na anatokea kipindi kimoja tu. Nimempa silaha nne, lakini kila anayesoma skripti anasema hana ladha. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea kwenye anachokitaka. Dunia ni kubwa mno kuingia kwenye dakika 11, na mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba jamaa hataipata, kwa hiyo hana cha kungojea. Mpe kitu kimoja kinachoonekana kwa macho: funguo, kiti fulani, jina lake kwenye ubao. Kisha mpe sababu ambayo mtoto anaweza kuirudia kwa sentensi moja.

Mtazame Temple Fugate, anayeitwa Clock King, kwenye katuni ya Batman iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1992. Huyu bwana anaishi kwa ratiba, na mapumziko yake ni saa tisa kamili alasiri. Siku ana kesi, Hamilton Hill, ambaye baadaye anakuwa meya, anamshauri asogeze mapumziko hadi saa tisa na robo ili atulize akili. Anakubali. Upepo unapeperusha nyaraka zake, anachelewa mahakamani, kesi inamshinda na biashara inakufa. Miaka inapita, anarudi kumlipiza kisasi Hill. Chanzo cha yote ni dakika 15! Hana nguvu za ajabu hata kidogo. Silaha yake ni kujua kila kitu kitatokea saa ngapi, na anaitumia kuvuruga taa za barabarani na treni za jiji. Sababu yake, silaha yake na udhaifu wake vyote vina mzizi mmoja. Hilo ndilo tunalolisisitiza kuliko jambo lolote kuhusu adui mdogo: kwa kuwa hana muda wa kueleza vitu vitatu tofauti, mpe kimoja kinachofanya kazi tatu.

Silaha bakiza moja. Zile tatu zitunze kwa maadui wengine watatu.

Sasa muda. Ukiondoa wimbo wa mwanzo na majina ya mwisho unabaki na takriban sekunde 600. Sekunde 75 za kwanza ni za steringi: leo anataka nini, na kasoro yake ni ipi. Halafu onyesha kazi ya adui kabla ya sura yake, kitu kimepotea au kimeharibika. Sekunde 10 zinatosha. Adui mwenyewe aingie kabla dakika ya pili haijaisha, na katika sentensi zake mbili za kwanza aseme anachokitaka. Pambano la kwanza likae karibu na dakika ya nne na nusu, na adui ashinde, tena ashinde kwa silaha yake ile ile. Wengi huharibu hapa: steringi anashinda kila raundi, na ikifika dakika ya nane hakuna anayemhofia. Pambano la mwisho lianze dakika ya nane na liishe kabla ya ya kumi. Hotuba ya adui isipite sekunde 20, yaani kama maneno 40 kwa kasi ya kawaida ya mazungumzo. Ikizidi hapo, maana yake anaeleza jambo ulilopaswa kulionyesha.

Na njia ya kumshinda ipandwe mapema, mahali ambapo hakuna anayeiangalia. Kwenye kipindi cha Mr. Freeze katika katuni hiyo hiyo, Batman ana mafua, na Alfred, mtumishi wake, anamfungia supu ya moto ya kuku kwenye themosi. Unaona ni uangalizi wa nyumbani tu, kicheko kidogo katikati ya huzuni. Mwishoni Mr. Freeze, ambaye hawezi kuishi nje ya baridi kali na amevaa kofia ya kioo, ndiye mwenye nguvu zaidi. Batman anaibamiza ile themosi juu ya kofia. Joto la ghafla linapasua kioo. Kilichomwangusha kilikuwepo mbele yetu muda wote, na kinatokana na kile kile kinachomfanya awe tishio.

SWALI: Shikamooni wahariri. Tuko wawili, tunachora kwa mkono kwenye tableti. Adui wetu ana shati la mistari, koti refu na mnyororo shingoni. Sekunde moja inatuchukua siku nzima. Tupunguze nini bila kumharibu?

JIBU: Marahaba. Anzeni na hesabu. Kwa kipimo cha fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazopita kila sekunde, kila mchoro ukikaa fremu mbili, mnachora michoro 12 kwa sekunde. Shati la mistari minane linawagharimu mistari 96 kila sekunde. Na mstari usipokaa mahali pale pale toka mchoro hadi mchoro, shati linatetemeka, na jicho la mtazamaji linakimbilia shati badala ya uso. Mnyororo ni mbaya zaidi, kwa sababu kila pingili ina mzunguko wake.

Mistari minane igeuzeni kuwa miwili minene, au mmoja unaokatiza kifua. Mnyororo uwe umbo moja lisilo na pingili, au uondoke kabisa. Koti libakini nalo, kwa sababu linampa umbo, lakini liwe zito: likae tu, lipepee kwenye tukio moja au mawili mliyoyachagua. Rangi zisizidi sita pamoja na ngozi na macho, na moja kati yake isionekane popote pengine kwenye mandhari. Kosa tunaloliona mara nyingi ni adui wa zambarau iliyokoza ndani ya pango la zambarau iliyokoza. Kwenye simu anabaki macho mawili yanayoelea.

Kisha fanyeni jaribio la kivuli. Mpakeni nyeusi mwili mzima, mpunguzeni hadi urefu wa pikseli 100, mumweke kando ya steringi aliyepakwa nyeusi vile vile. Mkiwatofautisha kwa kimo tu, bado kazi ipo. Mfano mzuri ni genge la vijana watano wa kijani kwenye The Powerpuff Girls, katuni iliyoanza mwaka 1998: mmoja mrefu, mmoja mwembamba, mmoja mkubwa mno, mmoja kibyongo, mmoja mfupi. Hata ukiwazimia rangi zote unajua nani amesimama wapi. Kwa genge ambalo halitokei kila kipindi, hiyo ni nusu ya utambulisho wao.

Kuna mbinu ya zamani ambayo bado inaokoa kazi. Studio ya Hanna-Barbera, ilipoanza kutengeneza katuni za televisheni mwishoni mwa miaka ya 1950, iliwavalisha wanyama wake kola na tai. Yogi Bear ni mmoja wao. Kola ilificha kiungo cha shingo, hivyo kichwa kilichorwa kwenye karatasi yake ya plastiki angavu na mwili kwenye nyingine. Kichwa kikiongea, mwili ulibaki mchoro mmoja. Koti lenu lina kola. Ipandisheni, mchore kichwa kwenye leya yake, na kila sekunde ambayo adui anaongea amesimama mmeokoa michoro 11 ya mwili.

La mwisho: msichore karatasi kamili ya umbo, yaani mbele, robo tatu, ubavu na mgongo, kabla ya kupitia storibodi, yaani michoro inayoonyesha kipindi tukio kwa tukio. Steringi anaihitaji yote. Adui wa kipindi kimoja huenda hageuki mgongo hata mara moja, na kama hageuki, mgongo hauchorwi. Sura za hisia nne zitamtosha: anatamba, ana hasira, ameshtuka, ameshindwa. Ila msiache kuchora mchoro mmoja wa yeye na steringi wamesimama pamoja kwa vimo vyao. Ukikosekana huo, kufikia nusu ya kipindi adui atakuwa amerefuka kichwa kizima bila mtu kugundua.

SWALI: Jedwali la midomo nililolipata, lile linaloonyesha umbo la mdomo kwa kila sauti, ni la Kiingereza, na adui wangu anaongea Kiswahili. Nichore midomo mingapi?

JIBU: Minane. Mitano ni ya irabu, mmoja uliofungwa kwa m, b na p, mmoja wa meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja unaoonyesha ulimi kwa l, th na dh. Ukitaka kubana, e na i zishirikiane, o na u vile vile. Unabaki na sita.

Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo fuata irabu, na k, g, h, n, s, t ziache zipite bila mdomo wake. Usiziruke m, b na p. Midomo isipofungwa angalau fremu mbili kwenye neno kama "mimi", mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja. Tanguliza picha fremu moja au mbili mbele ya sauti. Sauti ikitangulia picha, hata kidogo, kosa linaonekana haraka sana.

SWALI: Ndimi ninayewatia sauti maadui wote wadogo wa katuni yetu. Tunaambiwa wote wanafanana, na nikimaliza kurekodi koo linauma. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Koo kwanza. Sauti ya kukwaruza inayotoka kooni haifai kwa mhusika mwenye mistari mingi. Itunze kwa yule mwenye sentensi tatu. Rekodi mazungumzo ya kawaida yote mwanzo, na vicheko vikubwa, mayowe na kuanguka mwisho kabisa wa kikao. Ukipiga yowe saa ya kwanza, saa ya pili una sauti ya mtu mwingine, na hakuna programu itakayoirudisha. Kunywa maji kidogo kidogo toka kabla ya kuanza. Na koo likiuma, acha siku hiyo, usilazimishe.

Kufanana kunatokana na kubadilisha kitu kimoja tu, kwa kawaida unene wa sauti. Una vitu vitatu mkononi: unene au wembamba, kasi, na mahali sauti inapokaa, yaani puani, kifuani au nyuma ya meno. Badilisha viwili kwa kila mhusika. Mnene na wa polepole ni mmoja. Mnene anayeharakisha maneno ni mwingine kabisa. Frank Welker alimtia sauti Megatron na pia Soundwave kwenye The Transformers ya mwaka 1984. Megatron anakwaruza na kufoka. Soundwave hana hisia, sauti iko bapa, kisha ikapitishwa kwenye mashine ikawa ya chuma. Wako upande mmoja, mara nyingi chumba kimoja, na hakuna anayewachanganya.

Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 toka mdomoni, imekaa pembeni kidogo ili pumzi ya p na b isiipige moja kwa moja. Kwa mayowe rudi nyuma hadi sentimita 50 na upunguze kipimo cha kupokea sauti. Mazungumzo yafike kilele kati ya desibeli -12 na -6. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki.

SWALI: Nataka adui wangu awe mtu wa kawaida aliyejificha ndani ya vazi la zimwi, avuliwe barakoa mwishoni. Nitafichaje bila kudanganya?

JIBU: Hii njia ilipata umaarufu wake kwenye Scooby-Doo, Where Are You!, iliyoanza Septemba 1969. Katika kipindi cha kwanza kuna deraya jeusi linalotembea lenyewe, na ndani yake yumo Bwana Wickles, msimamizi wa makumbusho ambaye tulishamwona akiongea kwa upole na vijana. Hapo ndipo uaminifu ulipo: uso utakaovuliwa barakoa lazima uwe umeonekana wazi, bila barakoa, kabla ya nusu ya kipindi.

Weka watuhumiwa watatu. Wawili ni wachache, wanne hawakumbukiki. Dokezo ziwe mbili na zihusu kazi ya mtu, mathalani kitu ambacho mtu wa kazi ile tu angekuwa nacho. Kosa kubwa liko kwenye mwili. Zimwi la mita mbili na nusu haliwezi kumtoa mzee mfupi mnene bila maelezo, na watoto hulikamata hilo upesi kuliko wakubwa. Kama vimo havilingani, onyesha vijiti vya kutembelea au viatu virefu pale barakoa inapovuliwa.

SWALI: Kwa nini vibaraka wa katuni za zamani hurudia mwendo ule ule na kicheko kile kile?

JIBU: Ni gharama. Studio ya Filmation ilitengeneza vipindi 130 vya He-Man kuanzia mwaka 1983, na iliweka akiba ya mienendo: kukimbia, kugeuka, kucheka. Mchoro uliochorwa vizuri mara moja ulitumika tena na tena kwa mandhari nyingine. Hata vibaraka wa Skeletor, adui mkuu wa He-Man, walikuwa wanasesere wa kampuni ya Mattel, ndiyo maana kila mmoja ana kitu kimoja kinachofanya kazi na jina linalokitaja: Trap Jaw ana taya la chuma na mkono unaobadilishwa, Tri-Klops ana macho matatu yanayozunguka. Unaweza kuiga akiba hiyo leo. Chora kwa uangalifu kicheko kimoja cha sekunde mbili na mwendo mmoja wa kukimbia wa michoro minane, vihifadhi kwenye faili lake, na adui akirudi una sekunde kadhaa zilizokwisha kulipiwa.

SWALI: Katuni yangu ni ya watoto wa chini ya miaka mitano. Je, niweke adui?

JIBU: Weka mwenye tabia mbaya moja, asiwe na nia ya kuumiza. Swiper, mbweha wa Dora the Explorer iliyoanza mwaka 2000, anaiba vitu tu, na watoto wanaweza kumzuia wao wenyewe: wanamkataza mara tatu, basi anakata tamaa na kuondoka. Mtoto anajua dawa kabla ya ugonjwa. Epuka adui anayetokea ghafla kwa kelele, na usimwache apotee bila kuonekana anakoelekea. Kwa umri huo, adui ambaye hatujui yuko wapi anatisha kuliko mwenye meno.

SWALI: Adui wetu hashindi kamwe, na mhariri wa skripti anasema watazamaji watamchoka. Ni kweli?

JIBU: Inategemea nani anamshinda. Dick Dastardly wa Wacky Races ya mwaka 1968 alishiriki mbio 34 na hakuhesabiwa mshindi hata mara moja. Lakini gari lake lina uwezo, na mara nyingi anakuwa mbele. Kisha anasimama kutega mtego, na mtego unamrudia, huku mbwa wake Muttley akimcheka. Anashindwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo tunasubiri kuona safari hii atajiharibia vipi. Anayechosha ni adui anayeshindwa kwa ngumi ile ile ya steringi kila wiki. Mtego ubadilike kila kipindi, ila kosa lake libaki lile lile.

SWALI: Kibaraka mmoja wa kipindi cha tatu amependwa kuliko adui mkuu. Tumpandishe cheo?

JIBU: Mrudisheni, lakini taratibu. Harley Quinn alianza mwaka 1992 kama msaidizi wa Joker, adui mkuu wa Batman, kwa kipindi kimoja kwenye katuni ya Batman. Akapendwa, akarudishwa, na mwaka 1993 akaingia kwenye vitabu vya katuni. Kwa kawaida wahusika husafiri kinyume chake. Alichokuwa nacho ni uhusiano ambao haujamalizika: anampenda anayemtesa. Mr. Freeze alipita njia nyingine. Kwenye vitabu vya mwaka 1959 aliitwa Mr. Zero, mwizi tu mwenye bunduki ya barafu. Kipindi kilichoandikwa na Paul Dini mwaka 1992 kikampa mke mgonjwa, Nora, na kikashinda tuzo ya Emmy ya uandishi. Silaha ilibaki ile ile. Kilichoongezwa ni mtu anayempigania.

Kwa hiyo jiulizeni kama kibaraka wenu ana mtu au kitu alichokiacha njia panda pale kipindi cha tatu. Kama kipo, mrudisheni kwa ajili ya hicho, dakika tatu au nne tu, na adui mkuu asiwepo. Kama watu walipenda mzaha wake mmoja, msimpe kipindi kizima. Mzaha wa sekunde kumi haunyooshwi kuwa dakika 11. Na kabla ya storibodi mpya, malizieni karatasi yake ya umbo, ule mgongo na ubavu mlioruka mwanzo, kwa sababu sasa atageuka.